Kimeyumba Chenyewe, au Kuna Mkono?

Loo, jamani! Hivi ni mimi peke yangu ninayeona haya, au na nyie mmeona ila mnanyamaza kwa adabu? Siku hizi mjini hakuna mtu anayeiba. Hakuna anayefilisika, hakuna anayezembea, hakuna aliyeshindwa kazi aliyopewa. Kila kitu kinayumba tu. Biashara imeyumba. Ndoa imeyumba. Timu imefungwa mechi tatu mfululizo, msemaji wake anatoka mbele ya kamera na kusema "tumeyumba kidogo". Mtoto karudi na ripoti ya shule ina mayai manne yamepangana, baba mtu anamweleza jirani kuwa kijana kayumba muhula huu. Kayumba! Mayai manne! Nimekaa kwenye benchi hili la kahawa, nimesonya mpaka mate yamenikauka.

Tuanze na la pesa, maana ndilo linalouma. Zamani mtu akiishiwa alisema ameishiwa. Wengine walisema wamechacha, wengine wamefulia, wengine wako juu ya mawe, na ukisikia "juu ya mawe" ulijua huyu bwana hata chumvi nyumbani hana. Sasa hivi anakuja kijana, kanyoa vizuri, kanukia, simu mkononi imezidi kiganja, anakushika bega kwa heshima zote: "Shikamoo mzee wangu. Bwana, nimeyumba kidogo, hebu nishike mkono." Na wewe moyo wako si wa jiwe. Mtu kayumba, akianguka je? Unajipapasa, unatoa elfu ishirini uliyokuwa umeiweka ya mtungi wa gesi. Jioni unapita kwenye kibanda cha chipsi, unamkuta amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, haendi kulia wala kushoto, mbele yake kuku nusu, ndizi mbili na kachumbari pembeni. Mnatazamana. Anakukaribisha! Wiki ya pili ukimkumbusha, bado ameyumba. Ya tatu, bado. Mwee! Hata bahari ina siku zake za kutulia.

Na msidhani ni vijana tu. Kuna mpangaji mtaa wa pili, mtu mzima na mvi zake, kila mwisho wa mwezi anamwambia mama mwenye nyumba kuwa ameyumba. Mama wa watu akavumilia, akavumilia, siku moja akatoka na kanga yake ya kulalia akamwambia mbele ya majirani: "Baba, kama unayumba si uanguke tujue moja? Mbona choo changu hakiyumbi, paa haliyumbi, na bili ya maji haijawahi kuyumba hata siku moja?" Sisi huku tukajifanya tunapuliza kahawa.

Sasa neno lenyewe, masikini, halina kosa. Kuyumba ni kulalia upande huu ukarudi upande ule, usitulie wima. Basi. Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na ambayo shuleni ilikuwa inafungiwa kabatini isije ikasomwa, utalikuta limetulia mahali pake halimsumbui mtu. Lakini hapa kijiweni tuna kamusi yetu nyingine yenye miguu: mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi, sasa amestaafu, kazi yake ni kunywa kahawa chungu na kutusahihisha.

Huyu mzee ukimwambia biashara imeyumba anakuuliza, "Ilikuwa na mzigo au tupu?" Unabaki umeduwaa. Anakwambia yeye enzi zake chombo kikilala ubavu huu, kikainuka, kikalala ubavu ule kwa mawimbi, walisema chombo kinakwenda mrama. Ndiyo, mrama huo huo! Huo tunaousikia kila siku kwa watu wa maofisini, "mipango imekwenda mrama", na msemaji mwenyewe kavaa tai, kakaa kwenye kiyoyozi, hajawahi kupanda hata mtumbwi wa kuvukia mto. Mzee akisikia hivyo kwenye redio hucheka mpaka anakohoa. "Mrama wa wapi huo? Wa kwenye zulia?"

Ila kuna jambo moja alilotuambia siku hiyo likanikaa. Alisema chombo kikienda mrama hakuna mtu anayekwenda kuishtaki bahari. Anayeulizwa ni nahodha. Farumi umeweka? Farumi, kwa msiojua, ni ule uzito wa mawe au mchanga unaopakiwa chini kabisa tumboni mwa chombo kisichokuwa na shehena, ili kisichezewe na maji. Hujaweka farumi, ni shauri lako. Umeweka magunia yote upande mmoja, ni shauri lako. Ngalawa nayo imetengenezewa matengo yake kulia na kushoto, ukiyang'oa kwa sababu yanakuchelewesha, ukapinduka, usije ufukweni ukasema kusi ilikuwa kali. Kusi huvuma kila mwaka, ulidhani mwaka huu imeandikiwa barua ya likizo?

Mkitaka kuona binadamu anavyojidanganya kuhusu kuyumba, pandeni boti ya kwenda Unguja msimu huo huo wa kusi. Safari ni saa mbili hivi. Pale bandarini Dar es Salaam kila mtu ni baharia. Mabwana wamevaa miwani ya jua, wanapiga picha wameegemea vyuma, wanatafuna korosho, mmoja anawaambia wenzake yeye bahari kaizoea tangu utotoni. Chombo kikishaliacha lango la bandari, kikapokelewa na maji makubwa, kimya kinaingia. Wahudumu wanapita wanagawa mifuko. Yule wa tangu utotoni anakataa wa kwake kwa dharau, "Mimi? Nipishe." Robo saa haijapita, anaomba wa jirani. Nimewahi kumwona bwana mmoja mnene, mwenye mkoba wa ngozi, kamkumbatia bibi asiyemjua anaita majina ya mashangazi zake wote. Tulipofika Malindi akashuka, akajifuta mdomo, akarekebisha kola, akampigia mtu simu: "Ndiyo, nimeshafika. Boti iliyumbayumba kidogo, lakini mimi sikuhisi kitu." Astaghafirullah! Na lile shati?

Haya, tuje kwa wenye neno hili kwa haki, yaani walevi. Hapa lazima nimtetee mlevi, msinipige. Ndani kabisa ya sikio, kule ambako hata kijiti cha pamba hakifiki, kuna mirija mitatu midogo iliyopinda, ina majimaji yake. Ukigeuza kichwa, majimaji yanasogea, ubongo unapata habari kwamba tumegeuka. Pombe ikishaingia mwilini inafika mpaka huko, inavuruga vipimo, na ule upande wa nyuma wa ubongo unaopanga hatua za miguu nao unalegea. Ndiyo maana mtu anajilaza chali kitandani, hajafanya kitu, halafu kitanda kinaanza kuzunguka naye chumba kizima. Kwa hiyo mlevi anaposhika nguzo ya umeme na kuilaumu barabara kwamba inacheza, hasemi uongo. Kwake inacheza kweli!

Na hapa ndipo ninapochoka mimi. Mtu pekee mjini mwenye ushahidi wa kidaktari kwamba anayumba, ndiye pekee anayekana. "Nani kalewa? Mimi? Nimeteleza tu. Angalia, naweza kutembea kwenye mstari." Halafu anaweka mguu mtaroni. Wenzake waliosimama imara kwa miguu yao miwili, wamekula, wameshiba, wanaona vizuri, ndio wanaojitangaza kutwa kwamba wameyumba. Dunia hii!

Walevi wa mtaani kwetu nawajua kwa mwendo hata gizani. Yupo anayeyumba tu: bado ana mamlaka kidogo juu ya miguu, anapinda pale ambapo barabara haikupinda, lakini anafika. Yupo anayepepesuka. Huyu anakwenda mbele hatua tatu, upepo asiouona mwingine unamchukua pembeni mbili, anaangukia uzio wa watu, anauomba radhi. Yupo anayesepetuka, na neno hili mkilitamka polepole mtaona lenyewe linajikwaa: miguu inapishana, mwili unataka kwenda nyumbani, magoti yanataka kurudi kilabuni. Na yupo anayelewalewa, yaani haendi popote, kasimama hapo hapo anasuka huku na huku, mke wake anamtazama dirishani na hamfungulii mlango. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba, tarehe 1 Machi 2017, hawa mabwana walikaa hapa kijiweni na nyuso za msibani. Mmoja alituuliza sasa maskini atabebaje chupa nzima mfukoni. Tukamwambia aulize wenye suruali za mifuko mikubwa. Amekwishajifunza, mwendo wake uko vile vile.

Mnaona utajiri wa lugha yetu lakini? Kila aina ya kukosa utulivu ina jina lake. Mtoto anayejifunza kusimama, tunampigia makofi, "Dede! Dede!", akianza kuchukua hatua tunasema anakwenda tete. Mgonjwa aliyetoka kitandani anademadema. Aliyeumia mguu anachechemea, na aliyevaa viatu vya kuazima pia anachechemea ila anasingizia mpira. Tawi lililoelemewa na maembe linawayawaya. Ubao uliotandikwa juu ya mtaro unanesa, hasa akipita yule shangazi mwenye sinia la samaki, na wote tunashika vifua. Aliyekanyaga ganda la ndizi akajishika kabla hajafika chini, huyo ametetereka. Maneno yote haya yamekaa nyumbani hayana ajira. Tumelichukua moja, kuyumba, tukalibebesha walevi, wagonjwa, wezi, wavivu, makocha na mawaziri, kama punda wa Lamu siku ya ujenzi wa msikiti. Na kwa nini hili? Nimelifikiria sana, nikiwa sina kazi nyingine, nikaona sababu.

Sababu ni kwamba kuyumba hakuna mwenyewe. Sikilizeni: "ameiba" ina mtu. "Amezembea" ina mtu, na mtu huyo ana shemeji zake wanaosikia. Lakini "imeyumba"? Nani kafanya? Hakuna! Imeyumba yenyewe, kwa mapenzi yake. Kiswahili kilikwishaliona hilo zamani, kikaweka kipande cha kuongeza hapo mkiani ili mwenye kosa apatikane: kuyumbisha. Hicho kipande watu wanakikwepa kuliko wanavyomkwepa mjumbe wa nyumba kumi siku ya usafi. Mtajua ni cha hatari kwa sababu kinatumika upande mmoja tu, pale mtu anapolalamika yeye kafanyiwa. Binti anamwambia mchumba, "Usiniyumbishe, useme utakuja kwetu lini." Mteja anamwambia fundi cherehani, "Fundi, unaniyumbisha, harusi ni kesho." Fundi anajibu nini? "Umeme uliyumba, dada." Ha! Na ile suti iko hapo mezani haina mkono mmoja, na cherehani ya fundi ni ya kukanyaga kwa miguu.

Wakubwa nao wamelipenda mno. Mwalimu Nyerere alipolitumia, alilitumia kwa uzito wake: alionya kwamba bila CCM madhubuti nchi itayumba, na wanachama wanalirudia onyo hilo mpaka leo, wengine wakiwa hawakumbuki alikuwa anawaonya wao. Sasa hivi kila anayeshika maikrofoni anaapa kuwa hayumbi. "Msimamo wetu hauyumbi!" Sawa bwana. Baada ya muda unamkuta upande wa pili wa uwanja, kavaa sare ya rangi nyingine, kofia bado ina mkunjo wa dukani, na kule nako anapiga kifua kwamba hayumbi. Inawezekana kweli hakuyumba. Alikwenda moja kwa moja, kwa mwendo wa haraka, bila kugeuka nyuma.

Uchumi ndio usiseme. Wazee wenzangu mnaikumbuka miaka ile uchumi ulipoyumba kweli kweli. Mafuta yalipanda bei duniani mwaka 1973, yakapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita vya Kagera vikaja 1978 mpaka 1979, na gharama zake zikabaki zimekaa sebuleni kwetu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, ukiona watu wamejipanga unajipanga kwanza ndipo unauliza kinauzwa nini. Lakini mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, kuna swali liliulizwa kwa sauti: ni nani? Likaja jina la wahujumu uchumi, likaja na la walanguzi, sheria ikatungwa, watu wakasakwa. Tusidanganyane, walionewa na wasiokuwamo, kuna mtu alisumbuliwa kwa sababu ya vitenge vya mahari ya binti yake. Lakini wenye ghala zao walipata kizunguzungu usiku mmoja. Bidhaa zikatupwa porini, nyingine baharini, asubuhi watu wanaokota sabuni mtaroni. Uchumi ulioambiwa umeyumba wenyewe ukaonekana ulikuwa na watu waliokuwa wameushika mguu.

Siku hizi hatuulizi. Mwaka 2008 mabenki ya Marekani yalipotikisika na dunia nzima ikatikisika nayo, mama wa maandazi hapa kwetu akapunguza andazi likawa la kumeza bila kutafuna. Ukiuliza: "Uchumi wa dunia umeyumba, baba." Sikuwa na la kusema. Dunia ilitulia, mabenki yakapona, andazi halijarudi mpaka leo.

Na sisi wenyewe hapa kijiweni tusijifanye malaika. Itazameni meza yetu ya drafti. Ina miguu minne, mmoja mfupi. Inayumba mchana, inayumba jioni. Kila anayekuja anasonya, anasema "hii meza bwana!", anainama, anachomeka kitu chini ya mguu. Kimechomekwa kipande cha boksi, imechomekwa pakiti ya sigara, na sasa hivi imejazwa mikeka ya kubeti iliyochanika, tabaka juu ya tabaka, utajiri wote ambao vijana wetu walikuwa waupate Jumamosi uko chini ya mguu ule. Fundi seremala anakaa hapa hapa nasi, anakunywa kahawa hapa hapa, hajawahi kuja na msumari. Ukimwambia anakwambia mbao zimepanda bei.

Lakini angalieni faida ya meza inayoyumba! Kete zetu ni vizibo vya soda. Mtu akiona anakaribia kufungwa, kabakiza vizibo viwili na mwenzake ana kingi tatu zinamzunguka, ghafla kiwiko kinamponyoka, kinatua pembeni mwa meza. Vizibo vyote chini! "Aah! Meza imeyumba! Basi, suluhu." Suluhu! Mtu alikuwa anazikwa akiwa hai, anadai suluhu! Na sisi wote tumekiona kiwiko, tumekiona kikiinuka, tumekiona kikishuka, tunaangaliana, tunasema ni kweli, hii meza itengenezwe. Nadhani ndiyo maana haitengenezwi.

Seremala mwenyewe, kwa kuwa maneno hayahitaji mbao, alitueleza siku moja kuwa kitu chenye miguu mitatu hakiwezi kuyumba. Hata sakafu iwe na mabonde, miguu mitatu yote itagusa chini. Mguu wa nne ndio unaoleta ubishi. Bibi zetu hawakusoma hesabu za maumbo lakini kigoda walikichongea miguu mitatu, na mafiga waliyaweka matatu, na sufuria la ubwabwa halikuwahi kumwagika kwa kisingizio.

Haya, na kikoba chetu nacho kilijengwa kwa hesabu hiyo hiyo. Mnavijua vikoba: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu tofauti, na sanduku linalala kwa mtu wa nne asiyekuwa na ufunguo wowote. Mpaka wote wakutane ndipo lifunguke. Ujanja wa hali ya juu! Mwaka mzima tukanunua hisa kila Jumapili, tukakopeshana, tukaleta marejesho, mwenye kuchelewa akapigwa faini. Desemba ikafika, siku ya kuvunja kikoba tugawane, watu wameshapanga nguo za sikukuu na ada za Januari. Mweka hazina akasimama. Akakohoa. Akashika mikono yake nyuma. "Ndugu wanakikundi, kama mnavyojua hali ya uchumi ilivyo kwa sasa… kikoba chetu kimeyumba."

Mnajua watu walifanya nini? Walitikisa vichwa kwa huruma! Wallahi! Kuna mzee alisema "pole sana mweka hazina". Mwingine akasema ni kila mahali siku hizi, hata kazini kwao kumeyumba. Tulikuwa tunaelekea kuchanga nauli ya kumrudisha nyumbani, ndipo mama mmoja muuza vitumbua, mtu asiyependa maneno mengi, akauliza kutoka nyuma: "Samahani mwenyekiti. Kimeyumba chenyewe, au kuna mkono?"

Kimya.

"Maana mimi najua kikoba ni sanduku. Sanduku ni la chuma. Likiyumba litaanguka, likianguka hela zitakuwa chini. Sasa naomba kujua ziko chini wapi, tukaziokote."

Oyoo! Hapo ndipo nyuzi zilipoanza kufumuka. Ikaonekana mwenye ufunguo wa kwanza alisafiri msibani mwezi wa nne, akamwachia mweka hazina ufunguo "kwa muda". Muda huo haukuisha. Mwenye ufunguo wa pili alimpa wake kwa sababu, nanukuu maneno yake mbele ya kikao, "mwenzetu ni mtu wa kusali". Na sanduku lenyewe, kwa kuwa nyumba ya mwenye kulitunza ilikuwa inapakwa rangi, lilihamia kwa nani? Jibuni wenyewe. Kufuli tatu, funguo tatu, mtu mmoja, chumba kimoja. Na tulijua! Si wote, lakini wengi tulijua, tukaona kuuliza ni utovu wa adabu. Kiwiko tulikiona kikiinuka, jamani.

Akabanwa. Kwanza akasema kumbukumbu za daftari ziliyumba. Kisha akasema afya yake iliyumba. Mwisho akasema shetani alimyumbisha, na hapo angalau tukapata kile kipande cha mkiani, ingawa alikuwa amembambikia mwingine. Mama wa vitumbua akamwuliza kama shetani ana leseni ya udereva, kwa sababu nyuma ya nyumba ya mweka hazina palikuwa pameegeshwa bajaji mpya, turubai halijatolewa nailoni, magurudumu matatu, imetulia kabisa, haiyumbi.

Mjumbe akaitwa, maandishi yakaandikwa. Bajaji sasa ni mali ya kikundi, iko barabarani, dereva analeta hesabu kila jioni na mama wa vitumbua anaipokea, anaihesabu mara mbili mbele ya watu. Hela haijatimia yote bado, na mweka hazina wetu wa zamani hapiti tena njia ya kijiweni, anazungukia uwanja wa mpira. Waliomwachia funguo nao wamelipishwa faini, wakanuna, wakasema wameonewa, wakalipa. Mzee aliyempa pole ndiye sasa anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba alimshuku tangu mwanzo.

Kikoba kinaanza mzunguko mpya Jumapili hii baada ya alasiri, chini ya mwarobaini, na nafasi ya mweka hazina iko wazi. Kama unaijua miguu yako kuwa imara, peleka jina kwa mama wa vitumbua kabla ya saa nne asubuhi, akishamaliza kukaanga. Barua ya udhamini anataka mbili, na ufunguo utapewa mmoja tu.